Amina ya Kivukoni

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Nimewaagiza wanafunzi wangu wa ngumbaru, watu wazima wanaojifunza kusoma, waandike kila siku mpaka Krismasi, hata kama ni sentensi moja. Mzee Ndunda akauliza kama mwalimu naye ataandika. Darasa zima likacheka. Basi mimi Mwelu, mjane wa Mulwa, wa hapa Masinga, ninaanza leo ili mzee Ndunda akose la kusema.

Habari ya nyumbani ni moja tu. Kilonzo, mwanangu wa pekee, alianguka kutoka kwenye paa la kanisa akipigilia mabati na kuvunjika mguu. Jana alirudi kutoka hospitali ya Machakos na plasta inayopanda mpaka pajani. Yeye ndiye anayevusha watu bwawani kwa mashua aliyotuachia baba yake, na mashua hiyo ndiyo inayotulisha, maana shamba letu kila mtu anajua linavyotoa.

Leo baada ya chakula Munyiva, mke wake, alisema akiwa anaosha sufuria, akiniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, mimi naeza kuvusha mpaka mguu upone."

Nilidhani anatania. Nimekaa na msichana huyu tangu aolewe na sijamsikia akiinua sauti hata kwa kuku. Nikamwambia mashua si sufuria. Akaendelea kusugua. Kilonzo akasema alishamfundisha makasia, na kwamba mikono ya mke wake iko na nguvu kuliko yake. Kisha wote wawili wakanitazama, kwa sababu mashua ni yangu na neno la mwisho ni langu. Nikasema sawa, mpaka plasta itolewe, na hata siku moja zaidi sitaki kusikia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Alikwenda. Alirudi. Sikuuliza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua imeanza mapema, na imeanza kwa hasira. Redioni wanaiita Elnino. Nimepanda kunde na mahindi nikiwa nimevaa gunia kichwani. Munyiva alirudi amelowa mpaka mifupani, akawasha moto, akapika, akampelekea mume wake maji ya kuoga. Mimi nilipata uji wangu bila kuuomba. Naandika hili kwa sababu ni haki.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada jirani yangu Kasiva alinivuta kando. Kasiva akikuvuta kando jua kuna mtu anayesemwa.

"Huyo bibi ya Kilonzo anatumaliza na maombi," akasema. "Boti ikikaribia nchi kavu, anasema tufunge macho. Anaombea mvua, anaombea wagonjwa, anaombea ng'ombe ya watu, anaombea mpaka walimu. Hamalizi. Juzi nilikuwa na haraka ya kwenda posho mill, nikaombewa mpaka nikasinzia."

Nilicheka lakini moyoni nilikasirika. Nyumbani kwangu msichana huyu akiambiwa abariki chakula anatamka maneno manne na sauti yake haifiki upande wa pili wa meza. Sasa amepata kundi la kusikiliza, amekuwa nabii. Sipendi dini ya kuonyesha watu.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo nimecheka peke yangu jikoni. Munyiva alimsimulia Kilonzo, nami nikasikia, kwamba asubuhi alipakia mwanamume mmoja pamoja na mama mkwe wake. Kwa ajili ya nthoni, ile heshima ya kuepukana kati ya wakwe, hawakuweza kukaa karibu wala kutazamana. Mama akaenda mbele kabisa, mkwe akaenda nyuma kabisa, na kwa kuwa mama ni mnene na mkwe ni mwembamba, mashua ikainamisha pua. Munyiva aliwabembeleza bila mafanikio. Mwishowe aliwaketisha wote wawili katikati, wamepeana migongo, akasimamisha mbuzi wa mtu mwingine kati yao. Wakavuka hivyo hivyo, heshima imetunzwa na mashua imenyooka.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua haijakatika. Bwawa linapanda kwenye mashamba. Sehemu ambayo Kilonzo na baba yake walizoea kufunga mashua iko chini ya maji, na uzio wa shamba la Nzuki uko chini ya maji, seng'enge zake zote. Migunga iliyokuwa ukingoni sasa inatoa matawi tu juu ya maji, na mingine haitoi hata tawi. Kivuko kinahama. Uliposhukia jana, leo hapafai.

Munyiva huamka mapema kuliko kuku. Nilimwona leo kutoka mlangoni akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika mti mrefu, anachoma chini hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Akipata kisiki au nguzo, anasimika kijiti na kufunga kitambaa chekundu. Kitambaa chenyewe nilikitambua: ni leso yangu ya zamani. Nilitaka kumgombeza, kisha nikaona haina maana.

Jumanne, 4 Novemba

Leo mzee Munyao amekufa, na amekufa mahali ambapo maji hayamfikii mtu mzima kifuani.

Alikuwa kwenye mashua ya Musembi, mvushaji mwingine wa hapa. Walivuka salama bwawa lote na upepo wake wote. Musembi akaelekeza pua ya mashua nchi kavu, mgongo wake ukiwa huko, kama wote wanavyofanya. Anayepiga makasia hukaa akitazama alikotoka, akitaka kuona aendako lazima ageuze shingo. Watu wakaona majani yako karibu. Wakasimama wote kwa pamoja kutaka kuruka, upande mmoja. Mashua ikapinduka. Kilichobaki ni mayowe. Wengine waliokotwa, mama mmoja amevunjika mkono, na mzee Munyao alikutwa amenaswa na seng'enge ya Nzuki.

Nimelia. Alikuwa mwanafunzi wangu. Mwezi uliopita alijifunza kuandika jina lake na akaliandika kwenye kila kitu, mpaka kwenye jembe.

Nataka kuandika jambo hili vizuri kwa sababu naona watu wanamlaumu Musembi peke yake. Sisi si watu wa maji. Bwawa lilitukuta hapa tukilima. Hatujui kuogelea, na tunayaogopa maji toka tunapopanda mashua mpaka tunaposhuka. Ndiyo maana tukiiona nchi kavu akili inaruka kabla ya mguu. Katikati ya bwawa kila mtu ameganda kwa hofu, mashua imetulia. Ni ukingoni, hofu inapoisha, ndipo tunapokuwa hatari. Hakuna mtu anayeweza kukaa kitako huku anaona ardhi. Mimi mwenyewe nisingeweza, na ndiyo sababu sijawahi kupanda. Nikienda kwa dada yangu Kamanthe ng'ambo, huzunguka kwa njia ya ukuta wa bwawa, safari ya siku nzima, na sioni haya.

Alhamisi, 6 Novemba

Baada ya mazishi Nzuki aliitisha mkutano. Nzuki ndiye mwenyekiti wa kivuko, mtu wa mwavuli na kikohozi cha kabla ya kusema. Alisema mashua ya Musembi imetolewa majini. Kisha akanigeukia mimi mbele ya watu.

"Mama Mwelu, tunakuheshimu. Lakini wanaume wenye nguvu wameshindwa na hii maji. Wewe umeweka msichana. Akiangusha mtu mmoja, hata kama hataumia, hiyo boti itatoka majini na haitarudi, hata Kilonzo akipona."

Munyiva alikuwa amesimama nyuma ya akina mama, ameinamisha macho.  Niliudhika naye kwa kutosema, kisha nikajiuliza nilitaka aseme nini. Mimi nikasema nimesikia.

Tukiipoteza mashua hatuna kingine. Kunde zimeoza mizizi.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nilikwenda kivukoni kumtazama. Nilijiambia nakwenda kuchuma mboga za porini, lakini kikapu nilikisahau nyumbani, kwa hiyo uongo wenyewe haukufika mbali.

Nilikaa juu ya mwinuko. Mashua ilikuwa inarudi imejaa, upepo wa mchana unaisukuma kutoka nyuma. Nilitegemea aje moja kwa moja kama Kilonzo, ambaye akiona nchi kavu huongeza mwendo na kuipandisha mashua kwenye matope kwa kishindo. Munyiva hakufanya hivyo. Akiwa bado mbali aligeuza mashua yote, pua ikatazama kule alikotoka, na kisogo cha mashua kikatazama kwetu. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe ndivyo anavyoingia, kinyumenyume. Upepo unamleta polepole, naye kwa makasia anauzuia, anauachia, anauzuia. Na kwa kuwa anayepiga makasia hutazama nyuma ya mashua, yeye uso wake uko nchi kavu. Anaviona vitambaa vyake vyote vyekundu. Anapita kati yavyo.

Alipomaliza kugeuza alisema, "Tuombe."

Watu wakafumba macho na kuinamisha vichwa. Wakulima kwa wafanyabiashara, mzee kwa kijana. Hakuna mtu wetu aliyelelewa kanisani atakayesimama katikati ya maombi. Hata mlevi hawezi. Akaomba, na sauti ile ambayo haifiki upande wa pili wa meza yangu ilifika mpaka pale nilipokaa. Aliombea mashamba. Alimwombea mjane wa mzee Munyao. Aliombea mkono wa yule mama. Makasia yake yakaendelea, macho yake wazi, ya watu yamefungwa. Mashua ikagusa matope, hakuna aliyejua. Akashuka majini huku bado anaomba, akafunga kamba mbele na nyuma, akazikaza, akazijaribu kwa mguu. Ndipo akasema Amina.

Watu wakafumbua macho, wakajikuta wamefika. Wakashuka mmoja mmoja wakitokea nyuma, kwa utaratibu wa watu wanaotoka kanisani.

Nilibaki pale mwinukoni muda mrefu. Nilimwita nabii wa kujionyesha. Kumbe ametafuta kitu kimoja tu duniani kinachoweza kumkalisha Mkamba kitako huku nchi kavu iko mbele yake, na amekipata. Akili hiyo mimi sina, Nzuki hana, na Mulwa wangu, Mungu amweke pema, hakuwa nayo.

Jioni nilimpa kipande cha nyama kilichokuwa changu. Alishangaa lakini alikula.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua.

Jumapili, 16 Novemba

Kasiva alianza tena habari za maombi marefu. Nilimwambia akiyaona marefu azunguke kwa miguu. Amenuna.

Jumamosi, 22 Novemba

Dada yangu Kamanthe ni mgonjwa na daraja la njia yangu limebebwa na maji. Leo nimepanda mashua kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Munyiva aliniweka katikati, chini, akanikunjia gunia la kukalia. Sikumbuki safari. Nakumbuka nimeshika ubao. Tulipofika ng'ambo alituombea, nami niliyejua siri yote nilifumba macho kama wengine, nikasema Amina kama wengine. Kamanthe yuko afadhali kuliko nilivyoambiwa. Amenicheka kwa kuja kwa maji.

Jumatatu, 24 Novemba

Nitaandika yote.

Tulirudi mchana. Abiria walikuwa wamebanana, wengi wametoka sokoni. Alikuwepo Kasiva na kuku wake. Alikuwepo Nzisa, msichana wa jirani, na mtoto mgongoni. Na alikuwepo mhubiri kutoka Machakos mjini, mchungaji Antony, anakuja kwenye mkutano wa injili, amekunja suruali na kukumbatia mkoba wake. Ukingoni kwetu niliona mwavuli wa Nzuki. Alikuwa amesimama na wanakamati wake kumpokea mgeni.

Upepo ulikuwa mkali kutoka nyuma. Munyiva akageuza mashua kama kawaida yake. Alipofungua mdomo aanze, Kasiva akamkatiza.

"Ngoja, Munyiva. Tuko na mtumishi wa Mungu hapa. Si vizuri wewe uombe na yeye amekaa."

Watu wakaunga mkono. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Penye mchungaji maombi ni yake, hata kama ni ya kubariki chai. Munyiva akanitazama mimi. Ningeweza kusema neno, mimi ni mama wa mashua, lakini nilishikwa na haya ile ile ya watu wote, nikatazama miguu yangu.

"Sawa, mchungaji, omba," Munyiva akasema. "Lakini tafadhali, Amina usiseme mpaka nikuambie."

Mchungaji akatabasamu kwa upole, kama mtu mzima aliyefundishwa na mtoto jinsi ya kushika kijiko. Akaanza. Aliomba vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, sikufumba macho yote, nikaona vidole vyake vilivyoshika mkoba vimekuwa vyeupe. Naye ni mtu wa nchi kavu kama sisi.

Tulipokuwa kati ya vitambaa vyekundu, tawi la mgunga likakwaruza chini ya mashua. Mchungaji akashtuka, akafumbua macho, akaona majani ya nchi kavu pale mbele, akasema kwa haraka, "Katika jina la Yesu. Amina."

"Amina," mashua yote ikajibu, na mashua yote ikasimama.

Sijui niseme vipi. Niliona maji yakiingia upande wa kushoto, ya rangi ya chai, bila haraka yoyote. Kuku wa Kasiva wakaruka. Nzisa alikuwa tayari ameweka mguu mmoja juu ya ukingo, mtoto mgongoni, na mbele yake kulikuwa na kitambaa chekundu, yaani nguzo, yaani seng'enge. Mimi nilifikiria mzee Munyao. Kilonzo angepiga kelele. Baba yake angetukana. Na kelele zingewafanya watu waruke upesi zaidi.

Munyiva hakupiga kelele.  Alivuta makasia yote mawili kwa nguvu zake zote, mara moja, mara ya pili, na kwa kuwa pua ilikuwa inatazama bwawani, mashua ikaondoka ukingoni kurudi kwenye maji makubwa. Nchi kavu ikatukimbia. Niliwaona watu wakiitazama ikienda. Na wote, Nzisa na mtoto wake, Kasiva, mchungaji na mkoba wake, walikaa. Hakuna aliyewaambia. Walikaa wenyewe, wakashikana mikono, kwa sababu sasa walikuwa tena katikati ya maji na hofu ilikuwa imewarudia.

Mashua ikatulia. Munyiva alikuwa anahema, na jasho lilimtiririka pamoja na mvua. Alitoa kopo akampa Nzisa, akamwambia achote maji yaliyoingia. Kisha akamwambia mchungaji, kwa sauti yake ile ndogo ya nyumbani:

"Pole, mchungaji. Sasa niache mimi niombe."

"Omba, mama," mchungaji akasema. Naye akafumba macho kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akatuingiza tena, polepole, akiuzuia upepo, huku anaomba. Safari hii hata tawi lilipokwaruza hakuna aliyetingishika. Alifunga kamba mbele na nyuma. Akasema Amina. Na hata baada ya Amina watu walibaki wamekaa, wakimtazama, mpaka aliposema, "Haya, Nzisa, wewe kwanza."

Nilikanyaga ardhi. Nzuki alikuwa ameona yote. Alikohoa, nikajua anataka kusema. Nilimkaribia chini ya mwavuli wake nikamwambia, "Nani ameanguka, mwenyekiti?"

Akatazama abiria mmoja mmoja. "Hakuna," akasema.

"Basi."

Jumapili, 30 Novemba

Nzuki ametangaza kanisani kwamba kila mashua, hata Musembi akirudi majini, itaingia kinyumenyume, na hakuna abiria atakayesimama kabla ya kamba kufungwa. Hakutaja jina la mtu. Watu wote waligeuza shingo kumtazama Munyiva, naye akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nilijisikia fahari mpaka nikaona haya kuwa na fahari hiyo ndani ya kanisa.

Jumamosi, 6 Desemba

Plasta imetolewa. Mguu wa Kilonzo ni mwembamba lakini umenyooka. Alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akasimama akitazama bwawa, akasema, "Mwaitu, Jumatatu narudi kazini."

Munyiva alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mimi ndiye niliyesema mpaka plasta itolewe, na hata siku moja zaidi sitaki kusikia. Nimelisoma neno langu leo. Limeandikwa kwa wino.

Jumapili, 7 Desemba

Nilimwita Kilonzo nje nikamwambia mashua itabaki na Munyiva.

Alidhani namtania. Alipoona simtanii alikasirika, na hasira yake niliielewa, kwa maana ni mwanangu na ni mtu mzuri. Alisema, "Mimi ndiye mtoto wako." Nikamwambia najua, nilikuwepo. Akasema watu watamcheka. Nikamwambia watamcheka wiki mbili, na mashua ikipinduka watamlilia siku zote. Nilimwambia pia kwamba kivuko alichokijua yeye kiko chini ya maji, na hiki kipya anayekijua ni mmoja, amekipapasa kwa miguu yake kila kisiki chake. Hakula chakula cha jioni.

Jumanne, 9 Desemba

Kilonzo alishinda kivukoni, amekaa juu ya mwinuko, mguu wake ameunyoosha. Alirudi jioni. Baadaye akaniambia:

"Mimi nilikuwa nawapigia makelele wakae. Hawakuwa wanakaa."

"Najua."

"Anaruka kwa maji kufunga kamba peke yake. Na matope iko na utelezi." Akajikuna mguu. "Kesho nitakuwa nikimngojea hapo chini. Akitupa kamba, nadaka."

Nilimpakulia chakula, akala chote.

Jumapili, 14 Desemba

Leo mchana nilikaa na Munyiva jikoni, tunatoa mbaazi kwenye maganda. Sijawahi kumwambia msichana huyu kitu kizuri usoni, na nimeona umri wangu hauruhusu kuendelea kuchelewa. Nikamwambia mashua ni yake, si mpaka hiki wala mpaka kile, ni yake. Nikamwambia namshangaa. Nikamwambia nimefundisha watu wazima miaka mingi na sijaona mtu aliyebuni ujanja mzuri kama wake wa kuwakalisha watu kwa maombi.

Akaacha kumenya. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Ujanja gani, mwaitu?"

"Wa maombi. Kuwafumba watu macho mpaka kamba ifungwe."

Alitazama mikono yake. Ina sugu sasa, kama ya mwanamume.

"Mwaitu, mimi sikufikiria hivyo," akasema. "Mimi maji naiogopa. Naiogopa kuliko wewe. Siku ya kwanza, nikiona hiyo maji yote na watu wote wananiangalia, nilianza kuomba tu, nikaomba kwa sauti bila kujua. Nikashindwa kunyamaza. Amina sikuwa naeza kusema, juu ya vile nilikuwa bado naogopa. Nilisema Amina wakati nilifunga kamba. Na mpaka leo ni hivyo. Kila siku ni hivyo."

Nilikaa na mbaazi mkononi. Nilifikiria asubuhi zote zile, kiunoni kwenye maji, na mti wake. Nilifikiria jinsi alivyovuta makasia siku ile. Wote tulikuwa tunaogopa, lakini mmoja wetu tu alikuwa na kazi ya kufanya wakati ule, na ndiye aliyeogopa kuliko wote.

"Basi, mwana wakwa," nikamwambia, "ikiwa ni hivyo, mrudishie Kilonzo. Mimi sikujua. Hakuna atakayekulaumu."

Alitikisa kichwa haraka, kama mtu anayeona anapokonywa.

"Hapana, mwaitu. Naipenda."

Tukamaliza mbaazi. Alipoinuka kwenda kuteka maji nilimwambia kwamba kesho nitavuka naye, kwenda na kurudi. Akauliza kama dada yangu amezidiwa tena. Nikamwambia Kamanthe ni mzima wa afya, na kwamba ng'ambo sina safari yoyote.

Akasimama mlangoni na mtungi wake, akafikiri, kisha akasema atanikunjia gunia.